Tawi Nililoliburuta Kutoka Mbooni

Vijana wa kanisa letu, Jumapili mmeniletea karatasi kubwa na kalamu mbili, mkaniomba niwachoree njia za baiskeli za kupanda Mbooni na kushuka upande wa pili. Mmeniambia mtakwenda na zile baiskeli zenu za gia, na kofia ngumu kichwani, na chupa za maji zimechomekwa kwenye chuma. Niliwacheka kidogo, mnisamehe. Nilipanda na kushuka vilima hivyo zaidi ya miaka ishirini, tangu nikiwa kijana asiye na ndevu hadi magoti yalipokataa, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu angeweza kufanya hivyo bila mzigo, tena kwa kupenda mwenyewe.

Kuchora sijui. Nimejaribu jana mezani na kilichotoka ni kama matumbo ya kuku. Basi nitawaandikia, na nyinyi mnaojua kuchora mtachora. Wale ambao hawanijui, mimi ni Mutisya, na ukiuliza hapa sokoni watakuambia Mutisya wa Mkia. Jina hilo lina sababu yake na nitaifikia.

Kazi yangu ilikuwa uchukuzi wa baiskeli. Kule juu Mbooni kuna baridi na ukungu, kwa hiyo kuna ndizi, kabichi, avokado na kila kitu cha kijani. Huku chini ni joto na mchanga, na watu walikuwa na ndengu na mtama lakini kabichi waliiota tu ndotoni. Mimi nilikuwa katikati yao. Siku za soko nilishuka na mzigo mzito kunishinda mwenyewe, nikapanda na gunia la ndengu au mikono mitupu. Mara chache nilivuka hadi Kwa Vonza, upande wa Kitui, na hiyo ilikuwa safari ya kulala njiani. Bwawa la Masinga lilipojaa maji nilikwenda mpaka huko kupeleka ndizi, nikasimama ukingoni nikaona ziwa lote lile katika nchi yetu ya ukame, nikacheka peke yangu kama mwehu. Walinipa samaki nile. Sisi Wakamba wa vilimani hatukuwa na mazoea hayo, nikamla nimefumba macho, na nilipofumbua nikaomba mwingine.

Nianze na kupanda, maana ndiko mnakoogopa. Kupanda hakuna siri kubwa. Kula isyo ya mahindi na maharagwe asubuhi na mapema, ushibe, ungoje itulie tumboni, ndipo uanze. Usinywe maji mengi chini ya mlima, yatakuchezea tumboni mpaka kona ya tano. Ukiwa na mzigo usiende moja kwa moja kama mtu aliyekasirika. Sukuma baiskeli kutoka ukingo huu wa barabara hadi ule, ukipanda kwa mshazari. Beba jiwe moja bapa. Ukichoka, liweke nyuma ya gurudumu, upumue, na baiskeli haitarudi nyuma kukukanyaga. Na ukifika penye upepo usivue shati hata kama umelowa jasho. Nilivua mara moja, nikakohoa wiki tatu.

Matairi pia. Miiba yetu haina huruma, na zamani hapakuwa na fundi kila njia panda. Nimewahi kujaza tairi nyasi kavu badala ya tyubu, nikalifunga kwa kamba ya mpira na nikafika sokoni nikiruka kama panzi. Tairi lilikuwa na tundu ubavuni. Nilipoegemeza baiskeli nikaenda kusalimia watu, mbuzi wa mtu alikuja akaanza kula gurudumu langu. Watu waliniita niende nikaone, na hadi leo kuna mzee mmoja akiniona huuliza kama baiskeli imeshiba.

Sasa kushuka. Hapo ndipo penye kazi.

Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi nzito, zenye breki za vyuma na vipande vya mpira. Ukiwa peke yako zinashika. Ukiwa na ndizi mikungu minne na kabichi juu yake, breki hizo ni mapambo tu. Siku yangu ya kwanza sikujua hilo. Nilishuka na mzigo wa jirani, nikafunga breki, nikaona miti inaanza kunipita mbio. Nikaweka mguu juu ya gurudumu la mbele, maana niliona wengine wakifanya hivyo. Nilikuwa na akala, zile ndala za tairi, na zilianza kutoa moshi. Niliingia shamba la mahindi la mtu nikatoka upande wa pili bila kuguswa na kitu, ila ndizi zilibaki zimetawanyika kote kule nyuma. Mwenye shamba alikuja na panga mkononi, akaniangalia, akaliweka chini, akaanza kunisaidia kuokota.

Aliyenipa elimu ni Kioko. Alikuwa mchukuzi wa kale, mfupi, mwenye miguu iliyopinda, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Alinikuta nikiokota ndizi, akatazama akala zangu zilizoungua, akasema, "Wewe huna mkia."

Nilidhani ananitusi. Kumbe ndivyo walivyoita gogo la kuburuta. Kule juu, kabla ya mteremko kuanza, unachukua gogo au tawi nene, refu kama mguu wa mtu mzima au zaidi, unalifunga kwa kamba ya katani chini ya keria, kile chuma cha kubebea mzigo nyuma ya kiti, na lile linaburutika nyuma yako likichimba barabara. Uzito wake unakushika. Kamba isiwe ndefu, gogo litakuwa likikimbilia kingo na kukuangusha kwenye kona. Isiwe fupi pia, litapiga gurudumu. Hatua mbili za mtu mfupi, ndivyo Kioko alivyopima, kwa hatua zake mwenyewe. Na mti mkavu haufai sana, unarukaruka juu ya mawe na kukatika. Mti mbichi unalala chini na kung'ang'ania.

Lakini alinipa na sheria, akainua kidole kimoja mbele ya pua yangu. "Usikate mti ya mtu. Okota ile imeanguka. Kama hakuna, ingia boma ya karibu uulize. Watu wa huku hawakatai kitu, lakini lazima waulizwe."

Ukifika chini unaufungua mkia wako na kuuacha pale kwa Kalekye. Huyu alikuwa mama wa chai na mandazi, na kibanda chake kilikuwa mahali barabara inapoacha kuteremka. Magogo yetu ndiyo yaliyokuwa kuni zake, na sisi tulipata chai ya kwanza bila maswali. Hakuna aliyewahi kukaa chini akapanga mambo hayo. Mlima ulitoa gogo, gogo likatushusha salama, likatuchemshia chai. Niliona ni utaratibu mzuri na mpaka leo naona hivyo.

Mwaka huo ninaotaka kuwaambia nilikuwa nimeshazoea kazi na kichwa kimeanza kuvimba. Ilikuwa siku ya soko, nimechelewa kwa sababu ya pancha mbili, na nilijua wenzangu wako chini wameshaanza kuuza. Nilifika mahali pa kuanzia mteremko, kwenye kona yenye mawe mawili makubwa yaliyosimama kando ya barabara. Nikatafuta gogo la kuokota, hakuna. Wenzangu wameyamaliza yote. Kando ya barabara kulikuwa na mti mmoja mzee, umekauka kuanzia kileleni, magamba yanabanduka, unaonekana wa kufa kesho. Upande wa barabara tu ndiko kulikokuwa na tawi moja lenye uhai, nene na bichi, limejaa majani.

Nyumba ilikuwa pale pale. Moshi wa jikoni niliuona. Hatua thelathini hazikufika. Nikajiambia, mti wenyewe umekufa, nani atauliza? Na nikakumbuka somo la Kioko, ila nusu tu: mti mbichi unang'ang'ania. Nikatoa panga nikalikata tawi hilo hai, kwa sababu ndilo lililofaa. Kipande kinene nikakifunga kuwa mkia. Vijitawi vyenye majani nikavitandaza juu ya kabichi ili jua lisizichome. Nikashuka nikipiga mluzi.

Mkia huo ulikuwa mtamu kuliko yote niliyowahi kuburuta. Kona zote kumi na saba nilizipita kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Nilifungua mzigo, nikamwachia Kalekye gogo na vijitawi vyake, nikauza kabichi zangu, kisha nikarudi kwake kukaa na kikombe cha chai. Nilikuwa na raha kabisa.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Musau. Alikuwa bwana shamba wetu, kijana mwembamba aliyevaa kaptura yenye mkunjo wa pasi hata siku za vumbi, na tulimpenda kwa sababu hakuwa akitufokea. Basi lilikuwa limemwacha barabarani na alitaka kupanda mlima kwa miguu. Alikuwa na kisu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa, na gunia lililolowa maji, na bunda la vipande vya nailoni. Kalekye akamuuliza anapeleka wapi vitu hivyo.

"Naenda kwa Mama Syokau," akasema. "Pale kona ya mawe mawili. Iko avokado yake mzee, imeoza mizizi, inakufa. Imebaki branch moja tu iko hai, upande wa barabara. Nataka nikate vijiti zake niunganishe na miche ameotesha. Ameningojea miezi mitatu, huyo mama. Nikikosa hiyo branch, hiyo mti imeisha, hakuna ingine."

Chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka Kalekye akanipiga mgongoni.

Naomba mnielewe hapa, vijana, maana hili ndilo jambo lenyewe. Hakuna aliyeniona nikikata. Ningeweza kunywa chai yangu, nikaacha Bwana Musau apande, akute kisiki kibichi na mama analia, nami ningeendelea na maisha. Nilifikiria hivyo. Nilifikiria kwa muda wa kumeza chai mara mbili, na aibu ya muda huo mfupi ninayo bado.

Kisha nikasema, "Bwana Musau, hiyo branch ni mimi nimeileta. Iko hapa."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. Kalekye ndiye aliyeelewa kwanza. "Aiya! Mutisya! Hiyo ulinipatia? Mimi nimeipasua!"

Tulikimbilia nyuma ya kibanda. Gogo lilikuwa vipande vinne na viwili vilikuwa tayari vinaungua chini ya sufuria. Gogo halikuwa na kazi kwetu, vilivyotakiwa ni vile vijitawi vyembamba, vyenye macho yaliyovimba tayari kuchipuka. Nikauliza viko wapi. Kalekye akaangalia ua wake. Ua ulikuwa safi sana. Alikuwa amevifunga pamoja kwa kamba, akavifanya ufagio, akafagia kibanda chote na njia ya mbele mpaka barabarani.

Bwana Musau alichukua ufagio ule akaketi chini na kaptura yake ya pasi. Alifungua kijiti kimoja kimoja, akakipangusa vumbi kwa kidole, akakigeuza juani, akakiweka kushoto au kulia. Kushoto ndiko kulikokuwa kubaya. Kushoto kulijaa haraka. Alipomaliza, kulia kulikuwa na vijiti tisa.

"Tisa," akasema. "Vimekatwa lini?"

"Asubuhi hii. Kama saa tatu."

Alitazama jua, nikajua anachohesabu. Barabara ya kona kumi na saba haina kivuli wala tone la maji, na kwa miguu angefika juu alasiri akiwa na vijiti vya kuwashia moto. Basi kwa mara ya kwanza siku ile nikawa na kitu cha maana cha kusema. Nikamwambia tusipite barabarani. Iko njia ya wanawake wanaokwenda kanisani, inazunguka bondeni nyuma ya kilima. Ni ndefu zaidi, na mahali pengine inabidi kubeba baiskeli begani. Lakini ina kivuli cha migomba karibu njia nzima, na inavuka vijito viwili. Tungeweza kulowesha gunia mara mbili.

Vijana, hiyo ndiyo njia ninayotaka mpite. Iandikeni. Mkitoka pale kibanda cha Kalekye kilipokuwa, sasa kuna duka la mbolea, msifuate lami. Shikeni kulia kwenye mteremko mdogo, vukeni kijito cha kwanza penye mawe bapa, na mtaona migomba.

Tulifunga vijiti ndani ya gunia bichi, tukalizungushia maganda ya mgomba, tukaliweka kwenye keria. Mimi nikashika usukani, Bwana Musau akasukuma kutoka nyuma. Hakuzoea. Kila baada ya kona alisimama akishika mbavu, na mimi nikaweka jiwe langu nyuma ya gurudumu nikamngoja, nikilitazama jua. Kijito cha kwanza tulilowesha gunia. Kijito cha pili tulilowesha gunia na Bwana Musau pia, maana aliteleza akaketi ndani. Alicheka mwenyewe na mimi nilishukuru kwa kicheko hicho kuliko anavyojua.

Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu haraka na pancha na miti inayoonekana mikavu. Tulipofika kwenye mawe mawili, Mama Syokau alikuwa amesimama chini ya mti wake, mkono mmoja umeshika pale nilipokata. Utomvu ulikuwa bado unatoka. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, ameweka leso kichwani, na hakuwa analia. Hotuba yote ilinitoka.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, mwaitu," nikamwita mama kwa lugha yetu.

"Nyumba si hii hapa? Hata kusema hodi ilikushinda?"

 Jibu lake sijalipata hata leo. Angeniambia niite wazee, wanitoze mbuzi, ningelipa na kusahau. Lakini swali lile ni dogo mno kulipika kwa mbuzi. Ilinishinda nini kusema hodi? Neno moja, hatua thelathini.

Bwana Musau akamwonyesha vijiti tisa, na wote wawili wakaenda kwenye miche aliyootesha kwenye mikebe. Mimi nilibaki nimesimama na baiskeli yangu. Baadaye Bwana Musau aliniita nishike utepe wa nailoni wakati anafunga, na hapo ndipo mama, akiwa ameinama, alipoanza kueleza, si kwangu hasa, kwa miche. Mume wake alikuwa akifanya kazi mbali. Likizo yake ya mwisho alirudi na mche mmoja mdogo ameufunga ndani ya koti lake, akasafiri nao magotini siku mbili. Waliupanda pamoja. Alirudi kazini na hakuja tena, walileta habari tu. Matunda ya mti ule yalikuwa mazito na laini kama siagi, na watu walitoka mbali kuonja. Mama alikuwa amepanda mbegu zake mara nyingi, na kila mara zilitoa matunda mengine kabisa, yenye nyuzi, ya maji. Bwana Musau ndiye aliyemwambia kwamba avokado haifuati mama yake kwa mbegu, ni lazima kijiti.

"Hii ndiyo kitu yake ilibaki," akasema. "Watoto hawakumjua. Lakini hiyo matunda walikula."

Miche tisa ikafungwa. Bwana Musau akasema tungoje wiki tano au sita, na imwagiliwe bila kukosa, maana ilikuwa kiangazi. Mama Syokau akanigeukia.

"Maji iko chini kwa kijito. Mgongo yangu ni mbaya. Wewe unapanda huku bure na baiskeli haina kitu. Basi utakuwa unaniletea."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Kila siku ya soko, na siku moja katikati ya wiki, nilifunga debe la maji kwenye keria pale kijito cha pili na kulisukuma hadi kwenye mawe mawili. Maji ni mzigo mbaya kuliko ndizi, vijana, yanacheza. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Waliniuliza kama nimeoa kule juu, kama debe ndiyo mahari. Wakaniita Mutisya wa Mkia, kwa ajili ya tawi lile, na jina likanata.

Kila nikifika nilisimama barabarani na kusema hodi. Hata akiwa amesimama mbele yangu ananiona, nilisema hodi kwanza. Mwanzoni hakucheka. Alisema karibu, nikamwaga maji, nikaondoka.

Wiki ya pili vijiti vitatu vilikuwa vimegeuka vyeusi. Wiki ya tatu vikawa sita. Nilianza kuchukia kufika. Wiki ya nne cha saba kikafa, na siku hiyo nilikaa kwenye moja ya yale mawe mawili na debe langu tupu, nikahisi machozi yakinilenga, mwanamume mzima. Mama Syokau alikuja akasimama karibu. Nilidhani atanifukuza. Akasema tu, "Hizo mbili mwagia pole pole, usiamshe udongo."

Siku ya soko iliyofuata, nilipokuwa nikifunga debe kijitoni, Kioko alitokea nyuma yangu akisukuma baiskeli yake.  Alifungua debe lake mwenyewe, akalijaza maji, akalifunga kwenye keria yake, akanitangulia kupanda.  Wiki mbili baadaye kulikuwa na wachukuzi wanne, na hakuna aliyecheka tena, ila yule anayeuliza kama baiskeli imeshiba, ambaye hata msibani hucheka.

Na asubuhi moja nilifika nikasema hodi, na badala ya karibu nikasikia mama ananiita kwa sauti ya juu, "Mutisya! Kuja uone! Kuja haraka!" Nilitupa baiskeli chini na debe likamwagika lote barabarani. Kwenye mche mmoja, juu ya utepe, kulikuwa na kitu chekundu-chekundu, kidogo kama ncha ya ulimi wa paka. Jani. Tulichutama wote wawili tukilitazama kama watu waliopoteza akili. Mche wa pili ulichipuka siku nne baadaye. Miwili kati ya tisa. Bwana Musau alipokuja kuiona alisema kwa vijiti vilivyotoka kwenye ufagio, miwili ni mingi.

Ilizaa mwaka wa nne. Nilikula tunda la kwanza nimesimama pale pale barabarani, na ni kweli, lilikuwa kama siagi. Mama Syokau alinitazama nikila na hakuniondolea macho mpaka nilipomaliza. "Ndiyo hiyo?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo hiyo, ingawa tunda la mti mzee sikuwahi kulionja. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mti mzee ulikuwa umeshakufa kabisa wakati huo. Aliukatisha, na siku moja nikipita aliniita. Alikuwa amenikatia gogo kutoka kwenye shina lake, kipande kilichokuwa bado kizima, na akamwambia fundi wa jembe alitoboe kwa chuma cha moto penye ncha, pa kupitisha kamba. "Mkia yako," akasema. "Na usikate tena ya mtu." Gogo hilo sikumwachia Kalekye hata siku moja. Nilishuka nalo na nikapanda nalo, juu ya mzigo wangu mwingine wote, mpaka siku nilipoacha kazi. Lilipoanza lilikuwa refu kama mguu wangu. Barabara imelila. Sasa ni kama mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko, na limelainika upande mmoja kama sabuni iliyotumika. Huku nyumbani nalitumia kuzuia mlango.

Mama Syokau alizikwa miaka mitatu iliyopita na nilipanda kwa gari, kwa aibu. Kutoka ile miti miwili vijiti vilikatwa na kupelekwa kila boma la ukingo ule, kila bwana shamba akimwachia aliyemfuata kazi hiyo. Zile avokado mlizouza kwenye harambee ya madhabahu mwaka jana, mkashangaa zimekwisha kabla ya ibada kumalizika, zilitoka huko. Sikuwaambia siku ile kwa sababu mngenitaka nisimame nitoe ushuhuda.

Basi njia ndiyo hiyo: migomba, vijito viwili, mawe mawili. Baiskeli zenu zina breki nzuri na kushuka hakutawatisha. Lakini nimesema mwanzoni kwamba haikunipitia akilini mtu apande na kushuka kule bila mzigo wowote, na sitaki nyinyi muwe wa kwanza. Kipande cha mkia nimekifunga kwenye gazeti, kiko hapa mlangoni. Kibebeni, mpokezane. Mpelekeeni Syokau, binti yake, ndiye anayekaa pale sasa. Mwambieni kimetoka kwa Mutisya, magoti yake hayafiki tena, na mti wa baba yake unarudi nyumbani.

Mtaiona nyumba mkiwa bado barabarani, hatua thelathini hazifiki. Msiweke kifurushi ukutani mkaendelea na safari kwa sababu mmechelewa. Shukeni kwenye baiskeli, mpige hodi, na mngoje mpaka aseme karibu.